Nilivyoimba na Vipele Shingoni

Nilipokuwa na miaka tisa niliua ndege ambaye kwetu hauawi, na mwezi huohuo nikachaguliwa kuimba peke yangu mbele ya kanisa zima. Mambo hayo mawili hayana uhusiano. Najua hivyo leo, nikiwa mama wa watoto watatu na mfanyakazi wa mapokezi katika kituo cha afya, mahali ambapo haipiti wiki bila mtu kuniambia kwamba ugonjwa wake umetumwa na jirani. Lakini mwaka ule, kichwani mwangu, yalikuwa jambo moja, na nusura linipokonye sauti.

Tulikuwa tumehamia Masaka, pembeni mwa Kigali, ambako Baba alikuwa amepata kiwanja kidogo kwenye mteremko. Wazazi wangu wote wawili walizaliwa na kukulia Bujumbura. Ndiyo maana nyumbani tuliongea Kiswahili kuliko Kinyarwanda, na ndiyo maana watoto wa majirani walitucheka tulipokosea maneno. Bibi, mama yake Baba, ndiye pekee kati yetu aliyezaliwa Rwanda. Aliondoka akiwa bibi harusi wa miezi michache, akarudi akiwa mzee mwenye fimbo. Mila za kwao alizikumbuka kwa vipande, kama mtu anayekumbuka wimbo kwa kiitikio chake tu, na sehemu zilizopotea alijazia mwenyewe. Hilo la kujazia nililitambua baadaye sana.

Kiangazi kile familia nzima ilikuwa matopeni. Baba na kaka yangu Didas, aliyenizidi miaka minne, walikanyaga udongo uliochanganywa na majani makavu, wakaujaza kwenye kalibu ya mbao, wakapindua, tofali likabaki chini likauke kwa jua. Matofali hayo yasiyochomwa tunayaita rukarakara, na nyumba nyingi za kwetu zimesimama kwayo. Kazi yangu ilikuwa kuchota maji bondeni na kuyageuza matofali yakauke pande zote. Tena nilitakiwa kuyalinda. Kuku wa jirani walipenda kuyakanyaga yakiwa mabichi, na Baba alikuwa amenifokea mara mbili kwa sababu ya alama za miguu.

Kulikuwa na mgeni mwingine aliyependa udongo ule wenye maji: ndege mdogo mweusi na mweupe, anayetembea haraka huku akitingisha mkia. Kwa Kinyarwanda anaitwa inyamanza. Bibi alifurahi sana kumwona. Alisema inyamanza akizunguka kiwanjani kabla paa halijapandishwa, watakaokaa humo watakaa kwa amani. Kisha akatuita mimi na Didas, akatuonya.

“Huyu hapigwi. Hafukuzwi. Kiota chake hakiguswi. Ukimuua unapata amahumane.”

“Ndiyo nini, Bibi?” niliuliza.

“Ni vipele, ni magamba. Unaweza kuficha ulichofanya, mwanangu, ukadanganya hata padri. Lakini ngozi yako itakusema mbele za watu.”

Didas akajikuna kwapa na kutoa ulimi. Bibi akamgusa na fimbo.

Siku chache baadaye, mchana, Baba alikuwa ameenda kutafuta mbao na Didas amekwenda kunywa maji. Nilibaki peke yangu. Nikamwona inyamanza akitembea juu ya matofali niliyokuwa nimetoka kuyalainisha kwa kiganja, akiacha vialama vidogo vya miguu, kimoja baada ya kingine, bila wasiwasi. Nikawaza jinsi nitakavyofokewa. Nikaokota bonge la udongo mkavu nikarusha. Sina shabaha. Katika maisha yangu yote sijawahi kupiga kitu nilichokilenga, isipokuwa siku ile.

Hakufurukuta. Alilala tu ubavu, mkia umetulia. Nilimwokota, bado alikuwa na joto, nikasikia Didas anarudi akipiga mluzi. Kalibu ilikuwa imejazwa nusu. Nikamlaza humo, nikafunika kwa udongo, nikakandamiza kwa viganja vyote viwili. Didas alifika, akasawazisha juu kwa kibao, akapindua.

“Hili umelishindilia vizuri,” alisema. “Leo umekuwa na akili.”

Baada ya wiki mbili tofali lile lilikuwa limekauka na kufanana na mengine yote. Sikuweza kulitambua hata nilipotaka. Baba akajenga ukuta.

Wakati huo ndipo Mwalimu Anastazi aliponiita. Alifundisha darasa la nne na aliongoza kwaya ya watoto parokiani, mtu mrefu mwenye suruali fupi, aliyezungumza kwa sauti ya chini kwa sababu alisema sauti ni mali ya kuimbia. Alikuwa amenisikia nikiimba njiani nikitoka kuchota maji, mtungi kichwani. Akaniambia kwamba siku ya Asomusiyo, sikukuu ya Bikira Maria kupalizwa mbinguni, wimbo wa katikati utaimbwa na mtoto mmoja, na mtoto huyo ni mimi.

Wimbo wa katikati ni ile zaburi inayoimbwa baada ya somo la kwanza. Mtu mmoja anasimama mimbarini anaimba beti, watu wote wanajibu kiitikio. Siku ya kawaida anayesimama hapo ni mtu mzima. Asomusiyo ndiyo siku watu wa vigango vyote hushuka parokiani, kanisa likajaa hadi wengine wakasimama uwanjani.

Mama aliposikia alikaa chini kwenye ndoo iliyopinduliwa. Mwaka mzima tulikuwa tukiingia kanisani na kutoka bila mtu kutusalimia kwa majina. Tulikuwa “wale waliotoka Burundi, wenye kiwanja pale mteremkoni.”

“Sasa watatujua,” alisema Mama.

Alisema kwa furaha, akaanza papo hapo kufikiria gauni langu litashonwa na nani. Mimi niliyasikia maneno hayohayo kwa namna nyingine. Watatujua. Nilikuwa nimemuua ndege wa amani ya nyumba yetu nikamtia ukutani, na sasa ningepandishwa mahali pa juu ili kila mtu anitazame ngozi.

Ili nizoee, Mwalimu alinipa Jumapili moja ya kawaida, misa ya asubuhi, watu si wengi. Somo la kwanza likaisha. Nilitembea hadi mimbarini. Kinanda kikapiga noti yangu. Nikafungua mdomo, na kabla sijatoa neno nikahisi joto likipanda kutoka kifuani, likifuatiwa na mwasho. Nikatazama mikono yangu. Yalikuwa yametoka mabaka yaliyovimba, makubwa kama sarafu, yanapanda kuelekea kwenye viwiko. Nikajua bila kugusa kwamba shingo nayo imejaa.

Kinanda kikapiga noti tena. Nikasimama pale. Nakumbuka mzee mmoja wa mstari wa mbele akiinamisha kichwa kando, kama anayemsubiri mtoto amalizie sentensi. Mara ya tatu mwanamke mmoja wa kwaya ya watu wazima akaimba kutoka alipokaa, watu wakaitikia, na mimi nikashuka nikatoka kwa mlango wa pembeni.

Nje, Didas alinikuta nyuma ya tangi la maji.

“Weee! Shingo yako! Umekuwa kama kuku aliyenyonyolewa.”

“Niache.”

“Mama anakutafuta. Anadhani umezimia.” Akanitazama vizuri, akaacha kucheka. “Inauma?”

Inawasha, nikamwambia, na nikalia. Kufika saa sita mabaka yalikuwa yamekwisha, ngozi imebaki laini kama vile hakuna kilichotokea. Alhamisi, kwenye mazoezi, niliposimama mbele ya kwaya yalirudi. Alhamisi iliyofuata yalirudi tena. Nikikaa yanaondoka, nikisimama kuimba yanakuja. Mtoto mwenye siri hahitaji ushahidi zaidi ya huo. Nilijieleza hivi: yule ndege anaimba, mimi nimemfunga mdomo kwa udongo, na sasa naye ananifunga.

Mwalimu Anastazi hakunigombeza. Alinivuta pembeni akaniambia kwa ile sauti yake ya chini, “Mwanangu, nakupa hadi Alhamisi ya mwisho. Ikishindikana nitampa mtu mzima, na wewe utaimba mwaka mwingine. Hakuna dhambi.” Alikuwa anajaribu kunitua mzigo. Neno dhambi lilitosha kuniongezea mwingine.

Nyumbani, Bibi ndiye aliyenipaka siagi ya ng'ombe shingoni jioni ile. Vidole vyake vilikuwa vikavu na vizito, na siagi ilikuwa ile ya zamani inayonuka. Alipaka kwa muda mrefu mahali ambapo hapakuwa na kitu chochote cha kupakwa.

“Hivi vitu vinatoka saa ngapi?” aliuliza.

“Nikisimama kuimba.”

“Ukikaa?”

“Vinarudi ndani.”

“Ukiimba peke yako njiani, na mtungi wako?”

“Havitoki.”

Akaendelea kupaka. Kisha akasema, bila kubadilisha sauti, “Umemfanya nini yule ndege, Josiane?”

Nimelea watoto watatu na bado sijui alijuaje. Pengine alikuwa ameona kwamba inyamanza haji tena kiwanjani. Pengine mimi mwenyewe nilikuwa nimeacha kumtazama Bibi usoni tangu siku ile. Nilimweleza yote, bonge la udongo, joto la ndege, kalibu, Didas na kibao chake.

“Kwa hiyo yuko kwenye tofali.”

“Ndiyo, Bibi.”

“Lipi?”

“Sijui.”

Sote wawili tukageuka tukautazama ukuta. Ulikuwa umefika usawa wa madirisha. Bibi alianza kutikisika, nikadhani analia, nikashika kanga yake. Alikuwa anacheka. Alicheka hadi akajifuta macho kwa kiganja chenye siagi.

“Yesu wangu! Watu wengine wanamwomba Mungu inyamanza akae kwao siku mbili. Huyu wa kwetu hatoki tena!” Kisha akaacha kucheka, akanishika kidevu. “Baba yako asijue. Ataubomoa ukuta, namjua. Lakini hilo la ngozi lina dawa yake, tena lina watu wake.”

Watu wake, alinieleza, ni Wagesera. Kila ukoo Rwanda una mnyama au ndege wake, na inyamanza ni ndege wa ukoo huo. Mtu aliyemkosea ndege anakwenda kwa watu wa ndege, mmoja wao anamwombea, yanakwisha. Ilikuwa rahisi, isipokuwa kwa jambo moja: Bibi hakuwajua watu wa Masaka wala koo zao, na siku zile kumuuliza mtu asili yake halikuwa jambo la kufanya barabarani. Watu walikuwa na sababu zao za kutopenda kuulizwa. Bibi alilijua hilo. Siku mbili alizunguka akisalimia watu, akiuliza habari za mahindi na za wajukuu, akarudi bila kitu.

Jumatano, siku moja kabla ya Alhamisi ya mwisho, uvumilivu wake uliisha. Kulikuwa na kijana mmoja wa pikipiki, Silasi, aliyeegesha kwenye njia panda chini ya kwetu na aliyewahi kumbeba Bibi bila kumharakisha kupanda. Bibi alinishika mkono tukateremka, akasimama mbele ya gurudumu.

“Silasi. Wewe si Mgesera wewe?”

Silasi alikuwa tayari ameshawasha. Alimtazama Bibi, kisha akanitazama mimi. Nadhani nilikuwa natetemeka.

“Kwa nini, nyogokuru?” aliuliza, kwa maana ya bibi.

“Nakuuliza. Mtoto huyu amehumana. Amemuua inyamanza, na Jumatatu anatakiwa kuimba kanisani.”

Silasi akazima pikipiki.

“Ndiyo,” alisema. “Mimi iko Mgesera.”

“Na baba yako?”

“Na baba, na babu. Wote.”

“Sawa. Shuka.”

“Nyogokuru, niko na mteja kule juu, ananingoja…”

“Atangoja. Amekwisha kuzaliwa huyo, hana haraka.”

Tulikwenda naye nyuma ya nyumba, mahali pasipoonekana kutoka barabarani. Bibi alikuwa amekata kipande cha umwishywa, ule mmea unaotambaa kwenye nyua na ambao tangu zamani hutumika kwenye harusi na kwenye baraka, akautia kwenye bakuli la maji. Akampa Silasi bakuli. Silasi akalipokea kwa mikono miwili kwa heshima, akasimama nalo.

“Sasa?” alisema.

“Sasa mwombee.”

“Nasema nini?”

“Mimi nitajuaje? Wewe ndiye mwenye ndege!” Bibi akamtazama kichwani. “Na uvue hilo dude. Ndege atakujuaje?”

Silasi akavua kofia ngumu, akaiweka chini, kisha kwa kuwa haikusimama vizuri akainama tena akaiegemeza kwenye jiwe. Akachovya majani, akaninyunyizia usoni, mabegani, mikononi. Maji yalikuwa baridi na yalinuka kama majani ya maboga.

“Wewe ndege,” alianza, akakohoa. “Wewe ndege, huyu ni mtoto. Alitupa udongo, hakujua atapiga. Umekaa kwao sasa. Basi kaa vizuri. Mwache aimbe.” Akamgeukia Bibi. “Imetosha?”

“Ongeza.”

“Mwache aimbe vizuri.”

“Imetosha.”

Silasi alipoondoka, Bibi alinifuta uso kwa pindo la kanga yake, akaniambia jambo ambalo nimelirudia kichwani mara nyingi kuliko sala yoyote. Alisema ugonjwa wa namna hii ukifukuzwa hauondoki kimyakimya. Unatoka na kelele zake. “Kwa hiyo vikitoka tena siku ukisimama, usishtuke. Ni vyenyewe vinaaga. Wewe imba, viendelee na safari. Ukinyamaza vitadhani vimekaribishwa.”

“Na watu wakiviona?”

“Wataona mtoto ana vipele. Nani hajawahi kuona vipele?”

Alhamisi nilisimama mbele ya kwaya. Vikatoka. Nikaimba. Sauti ilikuwa ya mbuzi, ikakatika mara mbili, nikameza mate, nikaendelea hadi mwisho nikiwa nimeyafumba macho. Mwalimu Anastazi aliandika kitu kwenye daftari lake kwa muda mrefu, ingawa hakukuwa na kitu cha kuandika.

“Leo angalau nimesikia zaburi,” alisema. “Jumatatu fumbua macho.”

Siku ya Asomusiyo vumbi la kiangazi lilikuwa limepanda hadi kwenye majani ya migomba. Wanawake walivaa mishanana, vile vitambaa vyepesi vinavyofungwa begani siku za sherehe, wakavishika pindo visiguse chini. Gauni langu lilikuwa la kijani, shingo imefungwa hadi juu. Mama alichagua mshono huo bila kueleza sababu. Kwa kuwa mimbari ilikuwa ndefu kuliko mimi, mtu alikuwa ameweka kreti ya bia nyuma yake, imefunikwa kitambaa cheupe. Nilipopanda ililia. Na mbele yangu kulikuwa na kitu ambacho hatukukifanyia mazoezi, yaani kipaza sauti. Nilivuta pumzi, na pumzi yangu mwenyewe ikatoka kwenye spika za uwanjani, kubwa, kama ng'ombe.

Nilifumbua macho kama nilivyoagizwa. Watu walikuwa wengi hadi sikuona mlango. Baba alikuwa upande wa wanaume, amekunja mikono kwa namna anayokunja anapongoja tofali lipinduliwe. Noti ikapigwa. Joto likapanda kutoka kifuani.

Nilingoja mwasho ufike shingoni, kwa sababu nilijua utafika, na ulipofika nikasema moyoni, nendeni salama. Nikaimba.

Neno la kwanza halikuwa zuri. La pili lilikuwa langu. Nilipomaliza kiitikio na kuinua mkono, kanisa zima likanirudishia, likafuatiwa na wale wa uwanjani waliochelewa kidogo, na nikahisi kreti ikitetemeka chini ya nyayo zangu. Mikono yangu juu ya mimbari ilikuwa imejaa mabaka, iko wazi mbele ya kila mtu. Nikawatazama watu ili nione wanavyonitazama. Mwanamke mmoja alikuwa anamvua mtoto kiatu. Mzee alikuwa anapiga miayo. Wengine walikuwa wananitazama mdomoni, wanangoja ubeti ili wapate kuitikia tena. Hilo tu. Walihitaji ubeti.

Nikawapa. Niliruka wa pili nikaimba wa tatu, nikagundua, nikarudi kuimba wa pili mwishoni, na ninyi mkisema sivyo zaburi inavyokwenda, mko sahihi. Niliposhuka nilikuwa na njaa kali kuliko nilivyowahi kuwa nayo. Nilikaa kwenye benchi la kwaya nikivuta hewa hadi tumboni, mara nyingi, kama mtu aliyetua mtungi. Wiki tano nilikuwa napumua nusu.

Baada ya misa Mwalimu Anastazi alinishika bega. “Ubeti wa pili uliupeleka kutembea?” Kisha akanipa mkono, kama mtu mzima. Didas aliniambia nilikuwa na madoa kama chui, nikamjibu kwamba chui ameimba na yeye amekaa. Wanawake wawili walimsimamisha Mama njiani wakamuuliza jina lake. Bibi alinitazama shingo, akatazama mikono, akatikisa kichwa kukubali kama mtu aliyehesabu mbuzi akawakuta wametimia.

Niliimba wimbo wa katikati kwa miaka saba iliyofuata. Vipele vilitoka karibu kila mara.

Nikiwa sekondari, Bibi akiwa ameshafariki, Silasi alinibeba siku moja hadi kituo cha basi na sanduku langu la shule. Nilimshukuru kwa lile bakuli la maji. Akacheka akiwa ananyoosha kioo.

“Dada, mimi si Mgesera. Sisi ni Wasinga.”

Nilishuka karibu nianguke. Nikamuuliza kwa nini alidanganya.

“Ulikuwa unatetemeka. Ningesema hapana, mngekwenda kwa nani? Jua lilikuwa linazama.” Akaniwekea sanduku chini. “Bibi yako nilimwambia kesho yake. Sikulala. Nilimwambia, nyogokuru, nimekosea, tafuta mtu wa kweli kabla ya sikukuu.”

“Akasema nini?”

“Akasema, nyamaza. Mtoto ameshaanza kupumua.”

Kwa hiyo alijua. Asubuhi ya Asomusiyo alijua kwamba dawa haikuwa na mwenyewe, na bado alikaa mstari wa pili na fimbo yake akaniangalia nikipanda kwenye kreti. Sijui aliogopa kiasi gani. Sijui pia kama aliamini habari za amahumane, au kama aliziamini Jumatano na akaacha Alhamisi. Sikupata nafasi ya kumuuliza, na kusema kweli sina hakika ningeuliza.

Daktari mmoja wa kazini kwangu aliniambia ngozi yangu ni ya aina inayotoa mabaka mtu akiwa na hofu, wako wengi, hakuna cha kutibu. Nilimwamini mara moja. Ni maelezo mazuri, na hata kama mtu angenipa nikiwa na miaka tisa nyuma ya tangi la maji, yasingenisaidia chochote. Nilikuwa nimeua. Nilihitaji mtu ajue, kisha asiniache.

Mwezi uliopita binti yangu wa pili alikuwa apige gitaa kwenye sherehe ya shule yao, Kagugu. Asubuhi alisema tumbo linamuuma. Nilikuwa nimetoka zamu ya usiku, nimesimama jikoni na sufuria ya uji, sina nguvu ya hotuba. Nilimuuliza kama kuna kitu amefanya ambacho sikijui. Alifikiri, akasema hakuna, anaogopa tu. Nikamwambia basi hofu hiyo ni nyepesi, aende nayo. Alikwenda nayo. Nilikaa mstari wa nyuma nikiwa na usingizi, nikaona goti lake likitetemeka hadi gitaa likawa linaruka, na vidole vyake vikiendelea na kazi. Alipomaliza niligundua kwamba nami nilikuwa nimeshika pumzi. Nikaitoa yote.